Samaki wa Moliro anaitwaje Moliro?

Wafugaji wa Ulaya wanamjua samaki mdogo mwekundu anayeitwa Moliro. Wanamweka sebuleni katika tangi la kioo, kama wengine wanavyoweka samaki wa miamba ya baharini. Moliro ni kwetu: ni kijiji cha kusini kabisa mwa pwani ya Kongo kwenye ziwa Tanganyika.

Jina hilo lina kazi. Kitaalamu samaki huyu ni Tropheus moorii. Boulenger alimwita hivyo mwaka 1898 kwa heshima ya Moore, Mwingereza aliyekusanya samaki wa ziwa letu. Lakini jina la Kilatini halionyeshi rangi. Tropheus hula mwani unaoota juu ya mawe, na havuki mchanga mtupu kwenda mbali. Ndiyo maana pwani moja ya mawe ina wekundu, nyingine ina weusi wenye mshipi wa manjano. Jina la mahali ndilo linalowatofautisha.

Sasa, ndugu wasomaji, mvuvi wa Moliro anamwitaje? Kamusi nilizozifungua zinanipa ndakala na mikeke. Kwa huyu ziko kimya. Wenzangu husema: si samaki wa soko, jina la nini? Sikubaliani nao. Huyu ana soko, ila liko mbali. Tena jike wake hubeba mayai machache tu kinywani. Wakivuliwa kupita kiasi mahali pamoja, rangi ile haitakuja kutoka kwa jirani. Siku ya kuandika sheria ya kuwalinda, tukitumia Kifaransa na Kilatini peke yake, mwenye mtumbwi atajuaje amekatazwa nini? Naye akitaka kulalamika mkutanoni, atasema neno gani?

Sipingi matangi ya kioo. Samaki hawa huzaa humo pia. Napinga sisi, watu wa lugha, kuwaachia wauzaji kazi ya kutaja vilivyo vyetu. Wanafunzi wanaorudi likizo Uvira, Fizi, Kalemie na Moba wachukue picha, wawaulize wazee na vijana wanaopiga mbizi, kwa Kibembe, Kitabwa na Kiswahili. Walimu wetu wakubali kazi hiyo iwe mada ya memwari. Tukikuta samaki kumi wanaitwa kwa neno moja, tuliandike vilevile. Hata hilo ni jibu, na litatoka vinywani mwa wenye ziwa.