YULE BINTI WA FAILI NI MTOTO WA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Jumatatu iliyopita, saa ya chakula, niliona jambo kantini ambalo halikunipendeza. Binti mmoja wa ofisini alipita na sahani yake akitafuta mahali pa kukaa. Katika meza yetu palikuwa na nafasi. Mwenzetu mmoja akaweka kofia yake juu ya benchi, akasema, "Hapa pana mtu." Binti akaenda akala amesimama karibu na mfereji. Alipokwisha kuondoka, mwenzetu akasema, "Huyo ni macho ya wakubwa. Yuko kule ofisini anasoma faili zetu."

Nataka kumjibu mwenzetu huyo, na nataka kuwajibu wakubwa pia, kwa maana katika jambo hili wote wamekosa, ingawa kosa la wakubwa ni kubwa zaidi.

Kwanza, binti huyu ni nani? Si karani wa Kampuni. Ni mwanafunzi wa chuo anayesomea kazi ya kusimamia wafanya kazi, na chuo hakitampa cheti mpaka atimize miezi mitatu katika kazi yenyewe. Ndiyo inayoitwa atachimenti. Mshahara hana, na posho hana. Nauli yake kutoka Kayole mpaka hapa Indastriali Eria ni Sh. 160 kwa siku, kwenda na kurudi. Pigeni hesabu: siku tano kwa wiki, wiki 12, ni Sh. 9,600. Pesa hizo hutoka kwa baba yake, ambaye ni kibarua wa mjengo, na kwa mama yake, ambaye huuza mboga. Basi anayeuliza ni mtoto wa nani, nimjibu: ni mtoto wetu. Mfanya kazi mmoja huko Kayole hulipa Sh. 160 kila siku ili Kampuni yetu ipate mtu wa kufanya kazi bure.

Wakubwa watasema, "La, hafanyi kazi, anajifunza." Hebu tutazame anajifunza nini.

Mnamkumbuka mzee wetu karani wa faili, aliyestaafu mwaka jana mwezi wa Januari. Kiti chake hakikutangazwa, wala hakikuondolewa. Tangu siku ile wamekalia wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja miezi mitatu. Wanafunzi wanne ni mwaka mzima. Mwaka mzima ni mshahara mzima wa karani, pamoja na nyumba, livu, matibabu na malipo ya uzeeni, kama ilivyoandikwa katika Mapatano yetu na Kampuni. Pesa hizo zimekwenda wapi? Hazikuja kwetu, wala hazikwenda kwa wanafunzi. Zimebaki mfukoni mwa Kampuni, na Kampuni husimama mbele ya wageni ikisema inasaidia vijana.

Mwanafunzi hupewa na chuo daftari la kuandika kila wiki amefundishwa nini. Nilimwuliza binti huyu kama naweza kuliona lake, akanionyesha. Wiki ya kwanza: kupanga faili. Wiki ya pili: kupanga faili. Wiki ya tatu: kupanga faili na kupeleka barua. Wiki ya nne: kupanga faili. Wiki ya tano alipewa kazi mpya, kuandika majina ya vibarua wa kusimamishwa kwa siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha waitwe tena. Hakuambiwa sababu. Mimi nikamwambia. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, kazi yake hugeuka, naye hupata haki za mwenye mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Ndiyo maana mwezi wake huvunjwa kama mtu avunjavyo kuni. Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, hayo darasani tulisoma, lakini sikujua kuwa ndiyo ninayoyaandika."

Ndugu zangu, maneno hayo yananitia uchungu. Mtoto amekuja kujifunza sheria ya kazi, naye anafundishwa jinsi ya kuipita kando, tena bila kujua.

Sasa nisikilizeni juu ya hatari iliyo juu yetu sisi wenyewe. Mwezi wa Machi mwenzetu mmoja dereva wa stoo alipata barua ya kujieleza. Iliandikwa kwamba hakufika kazini siku tatu bila ruhusa. Mwenzetu alikuwa mgonjwa, na karatasi ya zahanati aliileta mwenyewe ofisini. Ilipotafutwa haikuonekana. Kazi yake ilikuwa karibu kwenda. Mimi niliingia naye katika kikao, kwa kuwa kifungu cha 41 cha Sheria hiyo kinampa mfanya kazi haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa kwa kosa kama hilo, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa Chama. Tukadai faili zote za jina lile ziletwe. Karatasi ikaonekana ndani ya faili ya mtu mwingine mwenye jina lilo hilo, wa idara nyingine. Mwanafunzi hakuonyeshwa kwamba faili hupangwa kwa namba ya mfanya kazi, si kwa jina peke yake.

Mkubwa akasema nini? Akasema, "Ni kosa la mwanafunzi."

Nikamwuliza, "Bwana, barua hii ina sahihi ya nani?" Ilikuwa na sahihi yake. Akafunga faili, kikao kikaisha, mwenzetu akarudi kazini. Jioni ile binti alisimama getini analia, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba barua yake ya sifa huenda isiandikwe.

Hiyo ndiyo faida nyingine ya kumweka mtu asiye na mshahara katika kiti cha karani. Mambo yakiwa mazuri, sifa ni ya Kampuni. Yakiharibika, lawama ni ya mtoto. Karani angepewa onyo, naye angejibu kwa msaada wa Chama. Mwanafunzi hana pa kujibia. Sheria ya Kazi humhesabu mfanya kazi kuwa mtu aliyeajiriwa kwa mshahara, pamoja na mwanafunzi wa ufundi mwenye mkataba. Huyu hana mshahara, wala mkataba, wala kadi ya Chama. Amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inaanza kwa kusema kwamba KILA MTU ana haki ya kutendewa haki katika mambo ya kazi. Haikusema kila mwenye payslipu. Ilisema kila mtu.

Wako watakaosema, "Faili ni karatasi tu, kwa nini kelele?" Hao hawajui historia ya babu zao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika katika nchi hii alilazimishwa kubeba kipande, kikiwa ndani ya kibweta cha bati shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara aliolipwa. Aliyetaka kukimbia mwajiri mbaya alirudishwa kwa kipande. Tulipigana kwa miaka mingi mpaka kikaondoka shingoni. Lakini leo kipande chako kiko katika kabati la ofisi ile. Mna ugonjwa wako, deni lako, onyo lako, jina la mke wako na watoto wako. Mlangoni wameandika "Rasilimali Watu", na rasilimali kwa kweli ni kama makaa na pamba, lakini jina si hoja. Hoja ni nani anashika ufunguo wa kabati. Iko Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019, inayomtaka mwajiri azilinde habari hizo. Kumpa ufunguo mtu wa miezi mitatu ambaye hakufundishwa, kisha mwingine, kisha mwingine, je, huko ndiko kulinda?

Msidhani jambo hili litabaki kwa wanafunzi. Neno "mwanagenzi" lina miguu, linatembea. Mwaka 2023 Tume ya Kuajiri Walimu ilichukua maelfu ya walimu wa sekondari ya chini kwa jina la wanagenzi, Sh. 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hao hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wamehitimu na kusajiliwa, na kazi waliyofanya ni ile ile ya mwalimu wa chumba cha pili. Kesi yao ikapelekwa mahakamani, na Aprili 2024 Mahakama ya Kazi ikasema haki yao imevunjwa. Mwaka huo huo madaktari waligoma siku 56, na kati ya mambo makubwa waliyoyashika ni malipo ya madaktari wanagenzi. Mapatano ya mwaka 2017 yalisema zaidi ya Sh. 200,000 kwa mwezi. Serikali ikataka kuwapa Sh. 70,000. Tazameni vizuri: madaktari wakubwa, wenye mishahara yao, walitoka kazini pia kwa ajili ya wadogo wao. Walijua kwamba ukimwacha mdogo auzwe rahisi, kesho bei yako nayo itashuka.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Chama hakisemi wanafunzi wafukuzwe. Makampuni mengi hayafungui geti kabisa, na kijana asipopata mahali hukaa nyumbani bila cheti. Kampuni yetu kufungua geti ni jambo jema. Tena kila mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo ya viwandani, Sh. 50 kwa kila mfanya kazi kwa mwezi. Sisi tuko 800, basi ni Sh. 40,000 kwa mwezi, Sh. 480,000 kwa mwaka, na mwajiri anayefundisha kwa utaratibu uliokubaliwa aweza kudai arudishiwe gharama. Basi njia ya kufundisha vizuri ipo. Afundishwe, lakini asifanywe kiraka cha kuziba kiti cha karani.

Nawageukia sasa wanachama. Ninyi mliomwekea kofia kwenye benchi, mnafanya kazi ya wakubwa bila malipo, kama yeye. Akitoka hapa akijua upande mmoja tu, baada ya miaka kumi atakuwa Meneja mahali fulani, atakaa ng'ambo ya meza na mwanao mbele yake, na atakumbuka nini juu ya wafanya kazi? Atakumbuka kofia. Samaki mkunje angali mbichi. Mkaribisheni mezani. Mwonyesheni mashine, vumbi, joto la bwela, na choo cha upande wa stoo ambacho ofisini hawajapata kukiona. Mwambieni kwa nini mama wa upakiaji hukaa kimya juu ya mimba yake mpaka mwezi wa saba. Lakini msimtume chai, wala msimwombe aibe karatasi ofisini. Mwenye kufanya hivyo anamharibia mtoto maisha yake, na Chama hakitamtetea.

Haya ndiyo tutakayopeleka katika mkutano wetu na Kampuni mwezi ujao, ili yaingie katika Mapatano mapya:

1. Kiti cha karani wa faili kitangazwe, na ajiriwe karani kwa daraja lake.

2. Mwanafunzi asikalie kiti cha mtu aliyestaafu, aliyeachishwa au aliye livu.

3. Kila mwanafunzi apewe mwalimu wake kwa jina, na mpango wa mafunzo wa kuandikwa, wiki kwa wiki.

4. Apewe nauli na chakula cha mchana, na awe na bima ya kuumia kazini tangu siku ya kwanza.

5. Asishike faili za ugonjwa wala za makosa ya wafanya kazi ila akiwa pamoja na karani, na atie sahihi ya kutunza siri.

6. Barua ya onyo au ya kujieleza isiandaliwe na mwanafunzi peke yake, na aliyetia sahihi ndiye wa kujibu.

7. Kila mwanafunzi wa ofisi ile akae wiki moja na wawakilishi wa Chama, ayasome Mapatano na asikie jinsi malalamiko yanavyoletwa.

Hayo hayatoshi kuifilisi Kampuni. Nauli na chakula cha mwanafunzi mmoja kwa mwezi hazifikii bei ya tairi moja ya lori. Wakubwa wakikataa, tutajua kwamba hawakumtaka mwanafunzi, walitaka karani wa bure.

Nawe binti yangu, kama karatasi hii itafika mezani kwako, usiogope. Hatukutaja jina lako, na barua yako ya sifa tutaiulizia sisi. Katika daftari lako andika wiki ya sita: "Nimejifunza kifungu cha 37." Na kesho saa saba njoo kantini, meza ya dirishani. Kofia imeondolewa.

UMOJA NI NGUVU.

Mimi mwenzenu,
Mwakilishi wa Chama, Idara ya Stoo