Kompyuta ya wakfu ikipasuka kioo, je, wakfu umekwisha?



Ndugu Waislamu, katika stoo ya madrasa tunayoisimamia palikuwa na kompyuta mpakato ndogo, ya namna ile iliyoenea baada ya mwaka 2007, kampuni ya Asus ilipotoa Eee PC yenye kioo cha inchi 7 tu, na makampuni mengine yakafuata mwaka 2008. Ndugu yetu mmoja aliitoa wakfu kwa ajili ya wanafunzi, akikusudia thawabu zake zimfikie marehemu mama yake, na juu ya kifuniko akabandika karatasi yenye jina la mama huyo. Siku moja ikaanguka. Kioo kikapasuka, bawaba zikang'oka, na baada ya muda betri nayo ikavimba. Ikawekwa rafuni pamoja na majuzuu yaliyochanika, ikasahauliwa.

Mwalimu mmoja kijana akaja na shauri: aifungue, avitoe viungo vilivyo vizima, avitie ndani ya kasha la mbao, iwe kompyuta ya mezani. Kamati ikagawanyika. Mtunza hazina alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mzee wetu mmoja, Allah amhifadhi, akasema wakfu haubadilishwi umbo, na mwenye kuifungua amevunja sadaka ya maiti. Kisha wote wakatutazama sisi.

Neno la mzee yule si la kubezwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu huku pwani, wamekataza kuugeuza wakfu kutoka hali yake: nyumba ya wakfu isifanywe bustani. Lakini hayo ni kwa wakfu ambao manufaa yake bado yamesimama. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameizungumza katika Minhaj hali ya mti wa wakfu uliokauka. Kauli anayoitegemea ni kuwa wakfu haukatiki kwa kukauka kwa mti, bali gogo lake litumiwe likiwa gogo. Kauli ya kuuuza ameitaja kwa namna ya kuidhoofisha. Kisha anaitaja mikeka ya msikiti iliyochakaa, na boriti zilizovunjika zikawa hazifai ila kwa kuni. Hizo, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, yajuzu kuuzwa.

Basi mbele yetu swali likawa moja: kompyuta ile ni mti uliokauka, au ni mkeka uliochakaa? Na hilo halijibiwi kwa kukaa kitako na kuitazama. Tulimtaka mwalimu aitoe ile betri, aichomeke mashine kwenye chaja yake, aunge kioo cha nje kwenye tundu lililo ubavuni. Picha ikatokea. Bodi kuu, ile mafundi wanayoiita mazabodi, ilikuwa nzima, na diski nzima, na kumbukumbu nzima. Vilivyokufa ni kioo, bawaba na betri. Tukasema: bodi na diski ni gogo, vibaki katika wakfu, kioo na bawaba ni mikeka, ruhusa kuviuza, na thamani yake irudi madrasani. Betri iliyovimba haiuzwi wala haitupwi jalalani, kwani betri za lithiamu zikitobolewa au kupondwa huweza kuwaka moto. Tuliipeleka kwa fundi anayezikusanya.

Mzee wetu akauliza, je, umbo si limebadilika? Tukamjibu kuwa mtoaji hakuweka wakfu umbo la kukunjwa mapajani, aliweka wakfu chombo cha kusomea, na kusomea kumerudi. Hata hivyo tulimpigia simu mtoaji mwenyewe. Si kwamba idhini yake ni sharti, kwa kuwa mali imekwisha kutoka mkononi mwake, bali ni adabu, na neno la mzee lilistahiki kuzingatiwa.

Kasha lilitengenezwa na seremala kwa vipande vya plaiwudi vilivyobaki katika kutengeneza rafu za madrasa. Hapa tukiri kosa letu. Sisi ndio tuliomwagiza seremala alifunge kila upande lisiingie vumbi, likatoka zuri kama kasha la mahari. Siku ya tatu mashine ikawa inajizima kila baada ya nusu saa. Kichakato cha mashine hizi hula umeme kidogo sana, lakini joto lake halina budi lipate njia. Ikabidi tundu zitobolewe chini na nyuma, bodi iinuliwe juu ya vijiti, na feni yake ndogo ielekezwe kwenye tundu la nyuma. Tangu hapo haijajizima.

Mwalimu akaweka mfumo wa Linux unaokubali mashine za zamani za biti 32, kwani matoleo mapya ya mifumo mingi yameziacha. Kwa intaneti ya leo ni dhaifu, nasi hatukuiunganisha. Watoto wanasikiliza humo visomo vya Qur'ani na kujifunza kupiga chapa. Mtunza hazina aliomba aitumie kwa hesabu zake nyakati za asubuhi. Tulikataa. Wakfu ni wa wanafunzi.

Ndugu wasomaji, wengi hamsimamii madrasa, lakini katika kabati za majumbani mwenu zimo mashine kama hizi, na nyingi ni za baba au mama aliyekwisha kufariki. Hizo si wakfu, ni mirathi, na hukumu yake ni nyingine. Tumewahi kuletewa kesi ya kijana aliyefungua kompyuta mbovu ya marehemu baba yake akajitengenezea ya mezani, kazi nzuri kwa hakika, na dada zake wakanung'unika. Kijana alisema, hii ilikuwa takataka. Lakini kitu chenye sehemu zinazofaa si takataka, ni mali, na dada zake wana fungu humo. Kama miongoni mwa warithi yumo mtoto asiyebaleghe, ridhaa yake haihesabiki; fungu lake lithaminiwe na alipwe, hata likiwa shilingi elfu mbili. Na kabla ya yote, yaliyomo ndani ya diski, picha za mama, barua, hesabu za madeni, ni amana. Madeni yatafutwe humo kwanza, maana hulipwa kabla ya kugawa mirathi, kisha ndipo diski isafishwe.

Ama kompyuta yetu, siku ilipowekwa mezani mtoaji alikuja na mwanawe. Ile karatasi ya jina ilikuwa imebanduliwa kutoka kwenye kifuniko kilichovunjika, ikabandikwa mbele ya kasha. Alipoiona alimwomba seremala alichonge jina lenyewe kwenye ubao, kwani karatasi ilikuwa imeanza kufifia.

Wallahu aalam.