Dibeti ya Uyombo Ingefaa Iingie Darasani

Kama umepitia haiskuu hii Kenya, dibeti ya Ijumaa unaijua. Mada ni ile ile tangu enzi za wazazi: nani bora, mwalimu ama daktari? Msee amekariri salamu za Kingereza usiku kucha, anaangusha misamiati mizito, makofi, kengele inalia. Hakuna aliyejifunza kitu. Mimi nilikuwa wa kupiga makofi tu, juu Kingereza changu kilikuwa kinakwama kooni.

Sasa cheki. Januari 2026 mbogi ya kwanza ya CBC imeingia Gredi 10, na mtaala wenyewe umeweka mawasiliano na kufikiria kwa kina kati ya umilisi saba wa kimsingi. Kumaanisha dibeti inafaa itoke Ijumaa jioni iwe njia ya kufunza somo lenyewe. Na sisi wa Kilifi mada hatukosi.

Chukua Uyombo. Serikali kupitia NuPEA ilitaka kujenga hapo kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, karibu na Watamu, Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mei 2024 wanakijiji wakaandamana, polisi wakawavamia, watu wakaumia. Baadaye macho ya serikali yakahamia Siaya. Lakini muulize mwanafunzi wa Malindi hicho kinu hufanyaje kazi. Wengi watakuambia nyuklia ni mbaya, ama nyuklia ni maendeleo, basi.

Wape maticha wiki moja. Wa fizikia aeleze vile atomu inapasuliwa, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine ya stima. Wa jiografia alete ramani ya Mida, mikoko na mazalio ya samaki. Halafu utamu wenyewe: mtoto wa mvuvi apewe kukitetea kinu, na yule anayelilia stima ya bei rahisi apewe kukipinga. Hapo ndio akili inawaka, juu huwezi shinda hoja ya mtu kama huielewi vile yeye anaielewa. Na wasiwe wanne wanaongea huku arobaini na sita wanasinzia. Gawa makundi madogo, kila mtu apewe kazi, hata kama ni kuhakiki namba za wenzake.

Iwe kwa Kiswahili pia, tafadhali. Pwani hii kulumbana hatukufunzwa na Mzungu. Muyaka wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu karne ya 19. Mekatilili wa Menza, 1913, aliwasimamisha Wagiriama dhidi ya Waingereza kwa mdomo na ngoma ya kifudu. Leo mjukuu wake anaambiwa anyamaze mpaka Kingereza kinyooke. Si ni maajabu?

Lakini kuna noma hatuisemi. Aprili 2025 wasichana wa Butere walienda Nakuru na mchezo wa Echoes of War, mahakama ikiwa imeshaamuru waruhusiwe kuigiza. Polisi wakarusha vitoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Ticha aliyeona hiyo atarudi kwa mwalimu na daktari fasta, na siwezi mlaumu, ana mshahara na watoto nyumbani.

Kwa hivyo mwalimu mkuu aiandike mada kwenye ratiba, aweke sahihi yake: hili ni somo, nimeidhinisha. Simu kutoka juu ikilia, ishikwe naye, si ticha wa fizikia.