Bia ya pipa: Glasi isiyo na mstari inamla nani?

Mkulima wa Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma, hauzi zabibu zake kwa kukadiria. Kreti huwekwa kwenye mizani, kilo zikasomwa mbele ya muuzaji na mnunuzi, na mizani yenyewe hutakiwa kuwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo. Jioni mkulima huyo huyo akiingia baa na kuagiza glasi ya bia ya bomba, au glasi ya mvinyo uliotokana na zabibu za jirani yake, hapimiwi chochote. Anapewa kilichomwagwa na mkono wa mhudumu.

Kwa muda mrefu tatizo hili halikuonekana kwa sababu Tanzania ni nchi ya bia ya chupa. Chupa ya mililita 500 iliyofungwa kiwandani ni kipimo tosha. Kizibo kikifunguliwa mbele ya mteja, ubishi wa ujazo umekwisha, na mwenye baa huhesabu makreti matupu akajua mauzo yake. Bia ya pipa haina ulinzi huo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, wateja wenye mshahara wa mwisho wa mwezi wameongezeka katika mji huo, na mwenye mtaji mdogo anayefikiria kufungua baa au mgahawa hana budi kulijua soko hili kabla ya kutia fedha zake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuchukue pipa la lita 50. Tuseme lita 2 zinapotea kwa povu na kwa kusafisha mipira ya bomba, zikabaki lita 48. Kwa glasi kamili ya mililita 500, pipa hilo linatoa glasi 96. Mhudumu akimimina mililita 450 na nafasi iliyobaki akaijaza povu, pipa lile lile linatoa glasi 106. Kama glasi moja inauzwa sh. 3,000/-, nyongeza ya glasi 10 ni sh. 30,000/- kwa kila pipa. Baa inayomaliza mapipa matatu kwa wiki itakuwa imekusanya sh. 90,000/- za ziada, yaani sh. 4,680,000/- kwa mwaka wa wiki 52. Hiyo ni fedha ambayo haikutokana na ongezeko la wateja wala la bei.

Kwa mteja, upungufu huo ni sh. 300/- kwa kila glasi. Bei iliyoandikwa ukutani inasema sh. 3,000/-, lakini bei halisi ya mililita 500 imefika kama sh. 3,333/-. Kupandisha bei kwa njia hiyo ni rahisi kwa sababu hakuna anayelalamika. Bei ya ukutani ikipanda kwa sh. 300/-, baa nzima itazungumza.

Hata hivyo, wenye baa wengi watashangaa wakijua ni nani hasa anayeliwa. Glasi zile 10 za ziada haziingii lazima kwenye droo ya kaunta. Kama mwenye mali anategemea glasi 96 kwa pipa na mhudumu anauza 106, mwenye mali atapokea hesabu iliyotimia na hatauliza swali. Wateja watapungua kwa manung'uniko ya kimya kimya, lakini fedha ya kuwapunja itakuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Hivyo basi, glasi isiyo na mstari ni hasara ya mwenye leseni kabla haijawa hasara ya mnywaji. Anayetaka kununua hisa katika baa, au kuikopesha, na aombe hesabu mbili tu: mapipa yaliyopokelewa na glasi zilizouzwa. Zisipolingana na ujazo wa glasi, kuna jambo.

Mvinyo nao uko katika hali hiyo hiyo, na kwa Dodoma ndiko kwenye uzito zaidi. Zabibu za Makutupora Nyekundu na Chenin Blanc huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi za mvinyo hazina. Boksi la lita 5 lenye bomba hutoa glasi 33 za mililita 150, au glasi 40 za mililita 125. Orodha ya bei ikisema "glasi" bila kutaja mililita, tofauti ya glasi saba inabaki kuwa siri ya kaunta. Mteja anayeona mvinyo wa nyumbani ni ghali atarudi kwenye bia au atachukua wa kutoka nje, na pigo hilo litarudi shambani kwa mkulima ambaye hakushika glasi wala bomba.

Nchi zenye mazoea ya bia ya bomba zimekwisha kulipitia jambo hili. Uingereza huuza bia hiyo kwa painti, yaani mililita 568, na kwa vipande vyake. Theluthi mbili za painti ziliruhusiwa mwaka 2011. Glasi huwa na alama ya kipimo, ingawa povu huhesabiwa ndani yake, na miongozo ya biashara inataka bia yenyewe isipungue asilimia 95. Ujerumani imechagua njia iliyo wazi zaidi: glasi ina mstari, bia ifike kwenye mstari, povu likae juu yake. Kwa mazingira ya Dodoma njia ya Ujerumani ndiyo inayofaa, maana haihitaji mteja kubishana juu ya asilimia.

Majirani wa Kenya nao wana funzo. Senator Keg, bia ya bei nafuu ya East African Breweries iliyoingia sokoni mwaka 2004, iliuzwa kwa mapipa kwa watu wa kipato cha chini kwa msaada wa nafuu ya ushuru. Nafuu hiyo ilipopunguzwa mwaka 2013 mauzo yalianguka, na Serikali ikairudisha kwa kiasi kikubwa mwaka 2015. Kinachoonekana hapo ni kwamba mnywaji wa bia ya pipa huhesabu kila shilingi. Kodi ikipanda, kishawishi cha kwanza cha muuzaji ni kupunguza ujazo badala ya kugusa bei.

Watakuwepo watakaosema kwamba hizi ni mililita 50 tu, na kwamba Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una kazi kubwa zaidi ya lumbesa na pampu za mafuta. Ni kweli kazi hizo ni kubwa. Lakini mkulima anayelalamikia lumbesa analalamikia jambo lile lile: kipimo kinachoamuliwa na upande mmoja. Pampu ya petroli hufungwa lakiri kwa sababu mwenye gari haoni kinachoingia kwenye tangi. Mnywaji anaiona glasi yake, ila hana cha kuilinganisha nacho.

Dawa haingoji bajeti. Mwenye baa anunue glasi zenye mstari, aandike mililita kando ya bei, na aweke jagi la kipimo kwenye kaunta ili mteja mwenye shaka apimiwe. Atapoteza zile glasi 10 kwa pipa, kama kweli zilikuwa zinamfikia. Atakachopata ni hesabu anayoweza kuiamini na mteja asiye na sababu ya kuhamia mlango wa pili. Katika mji ambao baa mpya hufunguliwa jirani na ya zamani, mteja huyo ana thamani kuliko povu.