Acheni kuniuliza nzi wa rangi gani

Haya wapendwa, kwanza niombe radhi kwa kimya. Mitihani ilinikaba koo wiki mbili nzima, halafu nilipokabidhi karatasi ya mwisho tu nikajirusha ndani ya gari la mshkaji wangu, tukapotelea mtoni. Nimerudi jana usiku. Vidole bado vina ganzi, nguo zinanuka matope, na mashine za kufulia hapa bwenini zote zina watu. Kwa hiyo nakaa naandika.

Tangu nianze kusimulia habari za uvuvi wa majira ya baridi, swali ninaloulizwa kila kona, kuanzia kantini hadi kwenye simu kutoka Mwanza, ni moja: "Unatumia nzi wa rangi gani?" Leo nalijibu mara moja basi, na najua wengine mtanuna. Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kina, la pili ni ndoano. Rangi inakuja mwisho kabisa.

Kwa wageni wa mambo haya: niko jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani. Samaki ninayemsema anaitwa stilihedi. Kwa jina la kisayansi ni Oncorhynchus mykiss, yaani ni yule yule trauti ambaye wakoloni walimpeleka kwenye mito ya Mlima Kenya. Tofauti yake ni kwamba huyu anazaliwa mtoni, anashuka baharini, anakulia huko Pasifiki, halafu anarudi mtoni kuzaa. Samoni wa Pasifiki, kama koho na chinuki, wakishazaa wanakufa. Stilihedi anaweza kuzaa, akarudi baharini, na mwaka mwingine akapanda tena. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Na "nzi" wa huku si mdudu. Ni chambo bandia, manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye chuma. Mimi nilicheka siku ya kwanza. Fungua kiboksi cha mvuvi wa Kimarekani utakuta unyoya wa mbuni, unyoya wa kanga, na kitu kinaitwa marabu, jina la yule korongo mwenye kipara anayezurura kwenye majalala ya Kampala. Zamani manyoya yale yalikuwa yake kweli, siku hizi ni ya bata mzinga. Yaani nimevuka bahari kuja kununua manyoya ya kwetu kwa dola!

Sasa tuingie kwenye hoja. Tulikuwa mto Bogachiel, karibu na mji wa Forks, ule wa hadithi za Twilight. Vampaya sijawaona ila mvua nimeiona, manake Forks hupata takriban milimita 3,000 kwa mwaka. Maji ya mto yalikuwa na nyuzijoto 5. Jiweke nafasi ya samaki katika baridi hiyo. Mwili umezubaa, hali chakula, amejibanza karibu na mawe ya chini ambako mkondo umepungua nguvu. Hawezi kupanda mita mbili kufuata unyoya wako hata uwe na rangi zote za khanga. Anachoweza ni kusogea kidogo na kukibana kitu kinachompitia karibu na pua, polepole. Kwa nini anabana wakati hali? Wavuvi wanabishana mpaka leo: hasira, mazoea ya baharini, udadisi. Mimi nasema hata mtu aliyeshiba akipitishiwa sambusa puani anageuka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumfikisha nzi chini na kumpitisha taratibu. Kinachomzamisha hasa ni kile kipande kizito kinachofungwa mbele ya mshipi. Madukani vinaitwa T-8, T-11, T-14, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kila futi inavyokuwa nzito na kuzama haraka. Mshipi unautupa kwa kukata mto mshazari kuelekea chini, unaunyanyua mara moja na kuurudisha upande wa juu ili mkondo usiuburute, unasubiri uzame. Halafu unatulia. Mkondo wenyewe unamleta nzi upande wako, kama mlango unaojifunga polepole. Akifika mwisho mwache aning'inie kidogo, kisha songa hatua mbili kwenda chini, rudia. Hiyo ndiyo siku nzima. Koho ni tofauti kidogo: yeye hupenda maji yaliyotulia, na huko mara nyingi inabidi umvute nzi kwa mkono, vuta-acha, vuta-acha. Lakini hata kwake, nzi asiyefika alipo samaki ni pambo tu.

Ndiyo maana nikimwona mtu anabadilisha nzi mara saba kwa saa moja bila kugusa kile kipande cha mbele, nasikitika. Badilisha uzito kwanza. Kama hugusi jiwe hata siku moja, huko ulipo hakuna mtu.

Hoja ya pili ndiyo iliyonifanya niandike leo, na ninaiandika kwa aibu.

Baridi ya mwaka jana nilinasa stilihedi wangu wa kwanza. Nilikuwa nimenunua nzi mkubwa wa bei poa, amefungwa kwa mtindo wa zamani juu ya ndoano ndefu nene. Kijimwiba cha nyuma, kile kinachozuia ndoano isichomoke, nilikuwa nimekibana kwa koleo kama sheria ya mto ule inavyotaka, nikajiona mwema. Samaki alipogusa, nikavuta kwa nguvu kama navuta sangara. Nilipomleta ufukweni, ncha ya ndoano ilikuwa imeingia mpaka karibu na jicho, na damu ilikuwa inatoka. Nilipoangalia mgongo, kile kipezi kidogo karibu na mkia kilikuwepo. Maana yake ni samaki wa asili. Wanaototoleshwa kwenye vituo hukatwa kipezi hicho kabla ya kuachiliwa, na hao ndio unaoruhusiwa kuwapeleka jikoni pale msimu unaporuhusu. Wa asili ni lazima umrudishe.

Nami nikafanya nini? Nikamnyanyua, nikapiga picha. Sekunde ngapi sijui, ila alikuwa nje ya maji, na sheria ya Washington hairuhusu kumtoa majini samoni au stilihedi wa asili unayepaswa kumwachia. Wakati ule sikuijua, na kutojua si utetezi. Nilipomrudisha alilala ubavu, akageuka, akaondoka taratibu huku akiacha uzi wa damu majini. Picha ninayo. Sijaiweka hapa wala sitaiweka.

Kumbukeni nilichosema: huyu si koho ambaye safari yake inaishia kwenye kuzaa. Huyu angeweza kurudi baharini na kupanda tena. Na hali yao si nzuri. Stilihedi wa mito inayoingia Puget Sound waliwekwa mwaka 2007 kwenye orodha ya shirikisho ya viumbe walio katika tishio. Kwa mito ya pwani, katika msimu wa 2020-2021 jimbo lilizuia kuvua ukiwa ndani ya boti na kutumia chambo halisi, kwa sababu samaki waliokuwa wanarudi walikuwa wachache mno. Sasa mimi mwanafunzi wa kutoka mbali, niliyekuja kwa hisani ya watu, nimempunguza mmoja kwa sababu ya nzi wa bei poa na tamaa ya picha.

Tangu siku hiyo naanza kumchagua nzi kutokea mkiani. Siku hizi wapo wanaofungwa kwenye kijiti cha chuma, na nyuma yake inaning'inia ndoano moja ndogo, fupi, kwenye kitanzi cha uzi. Maarufu kuliko wote anaitwa Intruder, aliyetokana na Ed Ward na wenzake hapa kaskazini-magharibi miaka ya 1990. Ni mkubwa, unyoya wa mbuni unacheza majini kama pweza, lakini kinachomshika samaki ni kile kindoano kidogo tu. Hakina mpini mrefu wa kumpasua mdomo samaki anapojinyonga. Kikitatuka unabadilisha kindoano, nzi anabaki. Na samaki akigusa, usivute! Mwache ageuke na mshipi ukaze wenyewe, ndipo unyanyue fimbo kuelekea ufukweni. Mara nyingi ndoano itakaa pembeni mwa mdomo, na kuitoa ni kazi ya sekunde moja, samaki akiwa majini bado.

Haya, rangi, msije mkasema nimewakimbia. Maji yakiwa ya tope: nzi mkubwa, mweusi na bluu, ili kivuli chake kionekane. Maji ya kijani yanayoona kama mita moja chini: rangi ya machungwa au ya waridi, kama kamba wa baharini. Maji yakiwa meupe kabisa: nzi mdogo, mwembamba, manyoya machache. Watatu hao wananitosha. Wengine wote, kwa maoni yangu, wametengenezwa kumnasa mvuvi. Na usinunue nzi ambaye utaogopa kumpoteza, manake ukimwogopea hutampeleka chini kwenye mawe, na chini ndiko samaki aliko.

Jana nilipofika nikampigia mzee. Baba yangu anavua Ukerewe tangu sijazaliwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umepata?"

"Nimepata mmoja, baba. Mkubwa. Nimemrudisha."

Kimya. Halafu akaniuliza, "Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Sasa kama hukuwa na njaa naye, ulimwita wa nini?"

Nikaanza kueleza mambo ya utalii, leseni, pesa zinazosaidia kutunza mito. Akanisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto anayeeleza kwa nini amevunja sahani. Mwisho akasema hata wale wa kokoro huko ziwani kila mmoja ana maelezo yake. Kokoro ni haramu, na mzee anawachukia wanaolivuta usiku na kukomba vifaranga. Kuniweka fungu moja nao, jamani, kuliniuma. Sikulala vizuri.

Nimefikiri, na huu ndio msimamo wangu. Mzee ana haki nusu. Kumwita samaki usiyemhitaji ni kumsumbua, na hakuna nzi mzuri wa kufuta hilo. Lakini hapa ukivua huchagui nani ataibeba ndoano. Unaweza kumtafuta aliyekatwa kipezi ukamwambulia wa asili. Kwa hiyo, kabla ya kuingia majini, nzi wako awe amefungwa kwa ajili ya yule utakayemrudisha. Huyo ndiye mwenye kesi na wewe. Yule wa kula atakufa kwa vyovyote, hajali ndoano ni ndefu au fupi.

Nimejiwekea na mipaka. Samaki wa asili mmoja kwa siku, kisha nafunga fimbo, hata iwe saa tatu asubuhi na mshkaji ananicheka. Hakuna picha nje ya maji. Na mto ukifungwa, sitafuti mwingine wa kuusumbua badala yake, nakaa nasoma. Mnaoona nazidisha, endeleeni kuniona mshamba wa Ukerewe. Huyo wa juzi aliondoka kwa nguvu hadi akanirushia maji usoni, wala sikujua ana kilo ngapi.

Nikipata aliyekatwa kipezi, nitamkaanga hapa bwenini kwa ndimu na pilipili, nitawaita, mje na ugali wenu. Na mzee nitampigia nikiwa natafuna, asikie mwenyewe.

Ngoja nikacheki kama mashine imepatikana. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.