Mwacheni Mama wa Madaba! Shangingi la Familia Wese Analipa Nani?

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja. Land Cruiser V8 nyeupe imesimama pembeni kwenye kona za Lukumburu, barabara ya Njombe kwenda Songea, taa za hazadi zinawaka. Watoto watatu wamekaa kwenye majani, mdogo wao anatafuna muhindi wa kuchoma wala hana habari. Baba yuko na simu sikioni, anatafuta bodaboda wa kumletea petroli kwenye dumu. Mama amefunga kitenge kiunoni, hata kamera haiangalii, anamwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza na kumwambia kwa sauti ya chini kabisa: "Tungepanda basi, saa hizi tungekuwa Madaba tunakunywa chai."

Basi, ni hiyo sentensi moja tu. Aliyerekodi ni abiria wa Noah iliyosimama kuuliza kama kuna shida, na hadi jioni klipu ilikuwa imeshamaliza magrupu yote ya WhatsApp ya Songea. Kesho yake ikapanda Insta, na huko ndiko mama wa watu alikochambuliwa kama karanga. Mara hana shukrani, mara amemdhalilisha mumewe mbele ya watoto, mara wanawake wa siku hizi ukiwapa V8 wanakumbuka basi. Kuna mmoja aliandika kabisa kwamba wapo wadada elfu Dar wanaombea hilo gari liwaishie mafuta wakiwa ndani. Huyo tumwache, ana matatizo yake.

Kiukweli yule mama hakukosea, tena alijitahidi sana kuongea kwa adabu. Na wanaomshambulia wengi wao hawajawahi kumiliki hata pikipiki, wanaongea kuhusu V8 waliyoiona kwenye msafara wa waziri.

Turudi nyuma kidogo. Hii familia kwa Madaba siyo ya kuokota. Baba ni mtu wa mbao, ana miti ya paini, mama analima mahindi na yuko kwenye VICOBA. Kwa wasiopajua, Madaba ipo Ruvuma, zaidi ya kilomita 100 kabla ya kufika Songea mjini ukitokea Njombe, kuna baridi la maana na mvua ikiamua kunyesha inanyesha kweli. Wadau wa kule wanasema baba alivuna shamba la paini lililopandwa wakati binti yake mkubwa anaanza darasa la kwanza. Miti ile ilikuwa na jina pale nyumbani, iliitwa "ada". Binti sasa anajiandaa kwenda chuo, na ada ina matairi manne.

Shamba limeliwa na nini hasa? Siyo gari peke yake. Gari la 2008 kutoka Japan ukiliangalia kwenye mtandao unaona bei inacheka, unajiambia mbona hili naliweza. Halafu linashuka bandarini. Ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ikizidi cc 2000, ushuru wa bidhaa asilimia 10. Gari limepita miaka 10, kuna asilimia nyingine 30 ya uchakavu. Juu ya hayo yote VAT asilimia 18, na kila kodi inapanda mgongoni mwa iliyotangulia. Ukipiga hesabu yote kodi inaipita bei ya gari na gharama za meli, hapo hujaweka sahani ya namba wala bima. Hapo ndipo baba alipokwama, na hapo ndipo mama alipoenda kukopa VICOBA ili gari litoke. Hili kwenye komenti halijasemwa na mtu. Yule mwanamke mnayemwambia ashukuru kwa kununuliwa gari ndiye aliyelitoa bandarini.

Kuna kosa lingine ambalo vijana wengi mnaliota kila siku. Mkiona V8 ya serikali inapaa mnasema hii ngoma inakula kidogo. Zile za maofisini nyingi ni dizeli, injini ya lita 4.5. Sasa ile Land Cruiser 200 iliyouzwa sokoni kwao Japan, ambayo ndiyo inayokuja huku kama mtumba, ni ya petroli, mwanzoni lita 4.7 halafu baadaye 4.6. Kwa nje ni mapacha. Kwenye sheli kila mmoja ana baba yake. Baba wa Madaba alinunua sura ya gari la mkurugenzi, akapata tumbo la kiwanda.

Tuweke hesabu kwa lugha ya Madaba yenyewe. Dar hadi pale ni kama kilomita 800 na kitu. V8 ya petroli ikiwa na familia na mizigo, ikipanda Kitonga, ikahangaika na malori hadi Makambako, halafu ikatafuta Lukumburu, ukipata kilomita 6 kwa lita shukuru Mungu. Hizo ni lita 130 na ushee. Lita ikiwa shilingi 3,000, na EWURA wakitoa bei elekezi mikoani huwa zaidi kidogo ya zile za bandarini, safari ya kwenda tu ni kama shilingi 400,000. Mahindi yakiuzwa 700 kwa kilo, hayo ni karibu magunia sita. Kwenda na kurudi magunia kumi na moja na nusu. Mama aliyapalilia hayo magunia kwa mkono wake, anajua kila moja lilivyotoka shambani. Ndiyo maana yeye akiiona ile mishale ya dashibodi haoni mafuta, anaona mahindi yanashuka.

Sasa gari lina matenki mawili, kwa pamoja lita 138. Siku ya klipu inasemekana baba aliweka wese la elfu hamsini Njombe. Elfu hamsini! Hiyo kwenye tenki kama lile ni sawa na kumpa tembo kijiko cha uji. Na yeye hakufanya hivyo kwa uzembe, ndizo zilizokuwepo mfukoni. Mwenye V8 hawezi kumwambia mtu sheli kwamba hana hela, kwa hiyo anashusha kioo nusu, anasema "weka hamsini kwanza", kama vile kuna ya pili inakuja.

Hapo ndipo kwenye mtego wa shangingi la mtumba. Bei ya kununua inashuka kila mwaka, lakini gari halijui kwamba limeshuka bei. Linaendelea kula kama siku ilipotoka kiwandani. Tairi moja la saizi ile linaweza kukununulia matairi matatu ya IST. Oili ya injini ni zaidi ya lita 6 kila ukimwaga, wakati IST haifiki hata 4. Bushi, shokomzoba, breki, vyote vimetengenezwa kubeba gari la tani mbili na nusu na zaidi, na bei yake inakuambia hivyo. Na huyu alichagua Toyota, gari gumu, spea zipo. Wale wa Range za mtumba wenyewe wanajua, unaamka asubuhi unakuta gari limelala chini kama ng'ombe mgonjwa kwa sababu shokomzoba za upepo zimeisha, na fundi anayejua kulinyanyua yuko Dar. Instagram inaonyesha funguo tu. Kuna staa mmoja wa mjini anajulikana kabisa, Range yake inapigwa picha pale pale getini kila wiki, na majani chini ya matairi yameanza kuota. Mashabiki wanasifia bustani.

Hata hivyo, wanaosema familia ya Madaba ilitakiwa kununua Vitz ikae kimya nao hawajui wanaloongea. Ukitoka barabara ya lami ukaingia kuelekea Wino wakati wa masika ndiyo utajua kwa nini mtu anataka gari refu lenye kuvuta miguu yote minne. Mtoto akizidiwa usiku, mkimbio wa kwenda Songea au Peramiho hauna mchezo, na majirani wa pale wanasimulia kwamba lile gari lilishawahi kumfikisha mama mjamzito akiwa katika hali ambayo bodaboda isingeiweza. Hilo limewahi kutokea na haliwezi kupimwa kwa magunia. Hata baba kibiashara ana hoja. Mtu wa mbao akienda kwa mteja na IST anapangiwa bei, akishuka kwenye V8 anaulizwa bei. Ni ujinga wa dunia, lakini ndivyo ilivyo na watu wanakula kupitia hapo.

Jina lenyewe limebeba kesi. Kabla watu hawajaliita gari shangingi, neno lilikuwa la mwanamke, yule mpenda makuu, mjivuni, wa kujipodoa na kutumia hela za watu. Waswahili walipoyaona magari makubwa ya wakubwa wakayavisha jina hilo kwa dhihaka. Sasa angalia ilivyogeuka. Mwanaume ananunua shangingi anapigiwa makofi. Mwanamke anasema shangingi linatumaliza anaitwa yeye ndiyo mwenye makuu.

Tatizo la nyumba ile kwa hiyo siyo ukubwa wa gari. Ni kwamba aliyelipa nusu hakuulizwa. Mama hakuambiwa kama ni petroli au dizeli. Hakuulizwa kuhusu shamba la miti, alisikia mashine za kukata mbao zikilia. Kadi ya gari ina jina moja. Lakini matumizi yakianza kuuma yanakuwa "yetu", tuvumilie, tupunguze hiki, ada ya mdogo isubiri kidogo. Mali ya mmoja, mzigo wa wote. Wanaosema kwamba gari ni la mwenye jina kwenye kadi wakaisome kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za mke nyumbani ni mchango kwenye mali ya familia. Ile ilikuwa habari ya kugawana baada ya talaka, na hapa hakuna anayeachana na mtu, tusipeleke maneno. Lakini kama kupika na kulea ni mchango, pesa taslimu ya VICOBA iliyolipa kodi bandarini tuiite nini?

Halafu kuna ukoo. Hapa ndipo gari linapokufa kwelikweli, na wala hapazungumzwi. Ukiwa na IST hakuna anayekuomba ukabebe bibi harusi. Ukiwa na V8 wewe ni mali ya umma. Send-off ya mtoto wa shangazi, gari. Kipaimara, gari. Msiba Njombe, gari, na kurudi linarudi na watu tisa, kreti za soda na taa ya mafuta inawaka. Mwombaji anampigia baba, hampigii mama, kwa sababu baba hawezi kusema hapana mbele ya wanaume wenzake akiwa ameshika glasi ya ulanzi. "Chukueni tu, gari ni letu wote." Kila ikifika Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei mpya, na mtu pekee anayeisikiliza redio kwa makini kama anasubiri matokeo ya Simba na Yanga ni mama, maana wese la misiba yote hiyo linatoka kwenye debe lake.

Kwa hiyo ile sentensi ya Lukumburu haikuanza siku ile. Ilikuwa imeiva miezi. Mwanamke mwingine angepasuka pale pale barabarani, na klipu ingekuwa ya dakika kumi na mawe ndani yake. Yeye alitaja basi na chai.

Wengi mlikuwa mnauliza kama wameachana. Hawajaachana. Habari zilizotoka Madaba ni kwamba walikaa chini siku mbili baadaye, mshenga wao naye akaitwa, na mama akaleta daftari la shule lenye kila shilingi iliyowekwa kwenye lile gari tangu litoke bandarini. Baba alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, hakusema neno hadi ugali ukapoa. Kuliuza amekataa, na mama hakulazimisha, amesema mvua zikianza watalihitaji. Walichokubaliana ni kwamba funguo zinakaa kwa mama, safari za Dar ni basi, na yeyote wa ukoo anayetaka gari anakuja kwanza na risiti ya sheli, tenki likiwa limeshajazwa, ndiyo anapewa.

Ombi la kwanza baada ya sheria hiyo lilitoka kwa mdogo wake baba mwenyewe, alikuwa na harusi wikiendi ile. Alifika asubuhi na salamu zote, shemeji umeamkaje, watoto hawajambo, mahindi vipi mwaka huu. Mama akamkaribisha chai na maandazi, akamwelezea habari ya risiti. Shemeji akanywa chai akamaliza, akaaga vizuri tu. Jumamosi bibi harusi alipelekwa kanisani na Noah.