Binti anapohamia nyumba ya wanafunzi

Binti amepata diploma yake ya Serikali, furaha imepita, na sasa swali ni moja: anakwenda kusoma Bukavu, atalala wapi? Shangazi aliyekuwa akipokea watoto wa ndugu wote amebaki na chumba kimoja na wajukuu ndani yake. Homu za chuo hazitoshi. Basi wasichana watatu ao wanne wanaungana, wengine kutoka Uvira, wengine Walungu, Kalehe ao Idjwi, wanapanga nyumba ndogo pamoja huko Ibanda ao Kadutu. Juma hili tuzungumze juu ya nyumba hiyo.

Namna mama anavyotayarisha tunaijua. Godoro, blanketi mbili, sufuria, bido za maji, mbabula, mfuko wa maharagwe na unga wa muhogo. Hatutasema mengi hapo, kila mama anajua kazi yake. Ila kabla ya kwenda sokoni, mabinti waulizane nani analeta nini. Nyumba moja haina kazi na mbabula ine, na bido hazizidi kamwe, kwa maana bomba la Regideso linaweza kukaa siku nyingi bila tone.

Wanafunzi wetu wa zamani wanapopita shuleni kutusalimia, tunawauliza habari za kuishi pamoja. Hakuna anayetuambia kwamba waliachana kwa sababu ya sufuria. Waliachana kwa sababu ya garanti, makala na wageni. Vitu hivyo havikuwekwa kwenye sanduku lolote, na hakuna mama aliyevitaja siku ya kuagana.

Tuanze na garanti. Tuseme nyumba ni dola 60 kwa mwezi na mwenye nyumba anaomba miezi mitatu. Ni dola 180, kila binti kati ya wane anatoa 45, na kila mwezi analipa 15. Mpaka hapo hesabu ni nzuri. Mwezi wa pili mmoja anaacha masomo, ao anaolewa, anadai 45 zake. Mwenye nyumba hatazitoa, kwake nyumba bado ina watu. Wale watatu nao hawana, tena sasa wanapaswa kulipa 20 kila mmoja badala ya 15. Hapo ndipo marafiki wa tangu kidato cha kwanza wanaacha kusalimiana. Dawa yake ni kuandika mapema, kwa karatasi ya daftari tu: anayetoka atangaze mwezi mmoja mbele, na sehemu yake ya garanti italipwa na yule atakayeingia pahali pake. Wote watie sahihi, na kila mama abaki na kopi.

Kwa mwenye nyumba pia, karatasi. Sheria ya mwaka 2015 juu ya kupanga nyumba za kuishi inasema garanti isipite miezi mitatu. Akiomba sita, mjue kwamba anapita sheria, hata kama ni desturi ya mtaa wake. Majina ya mabinti wote yaandikwe kwenye mkataba, si la mmoja tu, kwa sababu mwenye jina peke yake ndiye atakayefuatwa siku deni likitokea. Siku ya kuingia waandike hali ya nyumba: kioo kilichopasuka, kufuli bovu, bati linalovuja. Bila hivyo, siku ya kutoka, kila kilichoharibika kitakuwa chao na garanti itaishia hapo. Na wapite kwa shefu wa avenue wajulikane.

Sasa jambo ambalo wamama wengi wanaona haya kulisema. Kodi ikikosekana miezi miwili, mara nyingi kuna mwanaume mwenye mali anayejitokeza kulipa. Hasemi siku ile anataka nini. Binti aliye peke yake na deni lake atamwona kama mwokozi. Kwa hiyo mwambie wazi, kabla hajapanda gari, kwamba kukosa pesa si kosa na kwamba atakupigia simu juma lile lile, si baada ya miezi. Nawe usimjibu kwa makelele, ama sivyo hatapiga tena. Wamama wanaofanya likirimba tayari wanajua njia: wale wane wanaweza kuweka kidogo kila mwezi pamoja, pesa ya kuziba pengo la mmoja wao, na ailipe baadaye. Wengine wanatuma pesa ya nyumba mbali na pesa ya chakula, kwa M-Pesa ao Airtel Money, ili moja isile nyingine. Tunaona ni akili.

Kupika pamoja kunapunguza makala sana, lakini mwenye zamu ya kupika asiwe pia mwenye zamu ya kuchota maji. Wageni wanaume wasilale, na hilo lisemwe na mabinti wenyewe siku ya kwanza, kabla ya mgeni yeyote kuja. Mama akiliweka yeye kwa simu, litafuatwa mpaka simu ikatike.

Mbabula tunaiacha mwisho kwa sababu inaua. Bukavu usiku ni baridi, mvua inaanza Septemba, umeme wa SNEL unakatika, na watoto wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango na dirisha. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, mtu anataka kutapika, kisha usingizi mzito. Wote wakiumwa kichwa kwa pamoja, si malaria: watoke nje mara moja, wafungue kila kitu, waite watu. Mbabula ipikiwe nje ao chini ya baraza, ilale nje, hata kama makala yanaonekana yamekufa. Na katika nyumba za mbao, ambazo tunazijua zinavyowaka, mshumaa usiachwe karibu na neti.

Wamama wa mabinti hao wane wapeane namba za simu kabla ya mizigo kufungwa. Aliye karibu na Bukavu apite kuona nyumba bila kutangaza siku, amsalimie mama mwenye nyumba. Na wewe uliye mjini na una chumba cha heshima cha kupangisha wasichana, uache jina kwa katibu wa chama siku ya mkutano. Tayari wamama watatu wa Walungu wanauliza.